Efekti za leya kwa wahariri wa picha Bagamoyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaohariri picha Bagamoyo na vitongoji vyake: wapiga picha za harusi, vijana wanaotengeneza mabango ya ngoma na maonyesho ya TaSUBa (taasisi ya sanaa ya hapa Bagamoyo), wenye kompyuta nzuri na wenye simu tu. Majina ya menyu nimeyaandika jinsi mafundi wanavyoyatamka. Kwenye programu utayakuta kwa Kiingereza. Mifano mingi inafuata programu za Photoshop na Photopea kwa kuwa menyu zao zinakaribiana sana. GIMP nitaitaja pale inaposhika njia yake.

Leya ni nini, na efekti ya leya ni nini?

Picha yenye leya imepangwa tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa ipo picha yenyewe, juu yake maandishi, juu zaidi pengine rangi au picha nyingine, na kila tabaka unaweza kulisogeza, kulificha au kulifuta bila kugusa lililo chini yake. Efekti ya leya ni agizo lililoambatanishwa na tabaka moja: liwe na kivuli, lizungushiwe mstari, ling'ae kwa nje. Agizo hilo haliharibu pikseli hata moja, yaani zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Programu hulikokotoa upya kila unapobadilisha kitu, ndiyo maana unaweza kulizima leo kwa kubofya alama ya jicho na kuliwasha kesho.

Pembeni ya efekti zenyewe kuna namna za kuchanganya leya, yaani Maltiplai, Skrini, Ovalei na wenzao, na kuna leya za kurekebisha mwanga na rangi. Kwenye kazi halisi hazitenganishwi, kwa hiyo humu nazichanganya zote.

Zilianza lini?

Photoshop ilipotoka mwaka 1990 haikuwa na leya. Ukibandika kitu juu ya picha, ukishakiachia kimeshika hapo hapo. Leya zilikuja na toleo la 3.0 mwaka 1994, leya za kurekebisha zikafuata katika 4.0 mwaka 1996, na efekti kama kivuli na mng'ao katika 5.0 mwaka 1998. Hesabu ya kuunganisha picha zenye sehemu zinazoonesha kilicho chini yake ni ya zamani zaidi: Thomas Porter na Tom Duff waliichapisha mwaka 1984 walipokuwa kampuni ya filamu ya Lucasfilm. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatoka kwa umma mwaka 1996.

Lazima nilipie Photoshop?

Hapana. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari, haina malipo ukivumilia matangazo, inasoma faili za PSD, yaani za Photoshop, pamoja na efekti zake, na kazi yote inafanyika kwenye kifaa chako bila picha kupandishwa kwenye seva. Kwa mtu anayenunua bando la siku hilo si jambo dogo. GIMP ni ya bure kabisa. Kwa miaka mingi udhaifu wake ulikuwa kwamba ukishaweka kivuli kimekauka, hukirekebishi tena. Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeondoa tatizo hilo, na vichujio sasa vinabaki vimeambatana na leya, unavibadilisha utakapo.

Kwenye simu, Snapseed ina kifaa cha kuweka picha mbili moja juu ya nyingine na kuchagua namna ya kuzichanganya. Hakina upana wa kompyuta, lakini kwa kujifunza tabia ya Ovalei kinatosha.

Namna za kuchanganya ni nyingi mno. Nianze na ipi?

Na mbili: Maltiplai na Skrini. Ukizielewa hizi, nyingi zilizobaki utazibashiri, na baadhi hutazihitaji maisha yako yote.

Kila pikseli ya picha ya kawaida ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Maltiplai inazidisha namba ya juu kwa ya chini kisha inagawanya kwa 255. Chukua kijivu cha kati, 128, juu ya kijivu kingine cha 128: jibu ni 64, giza zaidi kuliko vyote viwili. Ni sawa na kuvaa miwani ya jua juu ya miwani ya jua. Nyeupe, ambayo ni 255, haibadilishi chochote, na nyeusi inageuza kila kitu kuwa cheusi. Kwa sababu hiyo ukiskani saini, mchoro wa wino au ruwaza ya hina kwenye karatasi nyeupe, ukaiweka juu ya picha kwa Maltiplai, karatasi inatoweka na wino unabaki. Huhitaji kukata kitu.

Skrini ni kinyume chake. Inageuza namba zote mbili, inazizidisha, kisha inageuza jibu. Kijivu kile kile cha 128 juu ya mwenzake kinatoa takriban 192. Nyeusi ndiyo isiyobadilisha kitu. Picha ya fataki, cheche au mwale wa taa iliyopigwa usiku ukiiweka kwa Skrini, giza lake linapotea na mwanga unakaa juu ya picha yako.

Jaribio zuri la kuanzia: piga picha ukuta mweupe wa Ngome Kongwe, na picha nyingine ya majani ya mnazi dhidi ya anga. Weka minazi juu ya ukuta kwa Maltiplai, tazama. Badili iwe Skrini, tazama tena. Angalia hasa sehemu nyeupe na sehemu nyeusi, maana ndizo zinazoeleza kinachotokea. Za katikati zinadanganya jicho.

Na Ovalei na Softlaiti?

Ovalei hutumia Maltiplai mahali picha ya chini ilipo na giza, na Skrini mahali palipo na mwanga. Matokeo yake ni giza kuzidi giza na mwanga kuzidi mwanga. Softlaiti ni tabia ya aina hiyo hiyo yenye mkono mwepesi. Katika zote mbili, kijivu cha asilimia 50 hakifanyi lolote, na hapo ndipo penye faida.

Fungua leya mpya, ijaze kijivu cha asilimia 50, iweke Softlaiti. Picha haitabadilika. Sasa chukua brashi laini, punguza nguvu yake hadi asilimia 5 au 10, upake nyeupe pale unapotaka mwanga upande na nyeusi pale unapotaka ushuke. Unachora mwanga juu ya picha bila kuigusa. Ukikosea, paka kijivu tena. Picha za wacheza ngoma jukwaani, ambapo taa imepiga bega na kuuacha mkono gizani, mimi hazinitoki mkononi bila leya hii.

Kwa nini kivuli nilichoweka kinaonekana kimebandikwa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake si la programu peke yake.

Efekti ya kivuli inachukua umbo la leya, inalisogeza kidogo, inalifukiza pembeni na kulipaka nyeusi kwa Maltiplai. Hivyo tu. Inafaa kwa kitu kinachoelea sambamba na kilicho nyuma yake: maandishi, fremu, picha ndogo juu ya picha kubwa. Mtu aliyesimama mchangani haelei. Kivuli chake kinaanzia miguuni na kulala chini. Ukimpa efekti hiyo, anaonekana kama karatasi iliyogandishwa ukutani, hata uzungushe vitelezi mpaka usiku.

Kwa mtu aliyesimama, weka efekti kwanza, kisha bofya kulia juu yake na uitoe iwe leya inayojitegemea. Sasa kivuli unaweza kukishika pembe, kukivuta na kukilaza chini. Hapo unahitaji kujua mambo matatu: kinaelekea wapi, kina urefu gani, na ukingo wake ni mkali au umefifia.

Uelekeo unausoma kwenye picha yenyewe. Tafuta kivuli halisi cha ngalawa, nguzo, hata jiwe, na chako kifuate huo. Kwenye dirisha la efekti, pembe unayoweka ni ya mwanga unakotoka, si kivuli kinakoanguka: nyuzi 120 maana yake mwanga uko juu kushoto na kivuli kinashuka kulia. Acha kile kisanduku cha kutumia mwanga mmoja kwa leya zote kikiwa kimewekwa alama, la sivyo utajikuta na jua mbili katika tangazo moja. Nimeliona bango la harusi lenye jua tatu.

Urefu unategemea saa. Majira ya Machi au Oktoba, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, jua la Bagamoyo liko nusu ya njia kuelekea utosini, na kivuli cha mtu kinakuwa sawa na kimo chake. Jua likipanda hadi nyuzi 60, kivuli kinapungua na kuwa kama sita ya kumi ya kimo. Bagamoyo iko zaidi kidogo ya nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua linapita juu ya kichwa hasa, saa sita na ushei mchana, na mtu aliyesimama wima anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Picha ya saa hiyo ukiipa kivuli kirefu cha pembeni, mtazamaji hatajua kilichomkera, lakini atakereka. Mwezi Juni na Julai mchana jua liko upande wa kaskazini na vivuli vinaangukia kusini. Desemba ni kinyume.

Ukingo sasa. Jua si nukta. Likionekana kutoka huku chini lina upana wa takriban nusu ya nyuzi. Kwa sababu hiyo, kwa kila mita moja kutoka kwenye kitu hadi pale kivuli kinapoangukia, ukingo unafifia kwa kama sentimita moja. Miguuni kivuli ni kikali, kichwani kimelainika. Weka maski kwenye leya ya kivuli (kifuniko cha leya: ukikipaka nyeusi kinaficha, nyeupe kinaonesha), ufifishe zaidi kadiri unavyokwenda mbali na miguu. Siku ya mawingu mazito usiweke kivuli chenye ukingo kabisa. Weka giza kidogo tu chini ya nyayo, basi.

Rangi nayo: acha nyeusi tupu. Mahali penye kivuli bado panapokea mwanga wa anga, na anga letu ni la bluu. Chukua rangi kutoka kwenye kivuli halisi kilichomo pichani kwa kifaa cha kunyonya rangi, uitumie hiyo. Badiliko hili dogo linasaidia kuliko kuongeza efekti nyingine kumi.

Wateja wanataka machweo ya rangi ya chungwa baharini nyuma yao. Niweke?

Ukishajua mji wetu umekaaje, utasita. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, kuelekea mkondo wa Zanzibar. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Maharusi wanaosimama jioni huku bahari iko nyuma yao wanapigwa na mwanga wa jua usoni. Ukiwabandikia jua linalozama mgongoni mwao, uso unang'aa kwa jua moja na anga lina jingine. Mgeni aliyeko mbali hatagundua, lakini mzaliwa wa Dunda atacheka.

Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuwaamsha mapema. Jua la chungwa lipo kweli, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na majahazi yanarudi. Ya pili ni kutumia anga la jioni la mashariki jinsi lilivyo. Jua likishazama nyuma ya mji, tazama baharini: chini karibu na maji kuna ukanda wa bluu ya kijivu, ambao ni kivuli cha dunia yenyewe angani, na juu yake ukanda wa waridi. Kamera mara nyingi huufanya uonekane umechuja. Weka leya ya rangi inayobadilika, bluu ya kijivu chini na waridi juu, iweke Softlaiti, ishushe hadi asilimia 30 hivi, na ufute kwa maski pale ilipogusa watu. Hapo unakoleza kilichokuwepo.

Na kama mteja bado anataka kitu kikubwa angani, mpange siku ya mwezi mpevu. Siku hiyo mwezi unachomoza kutoka baharini wakati jua linazama upande wa pili, na huhitaji kubandika chochote.

Kanzu imeungua kwa mwanga na uso umekuwa giza. Efekti gani itaokoa?

Ni shida ya kila mpiga picha wa pwani: kanzu nyeupe, ukuta mweupe wa chokaa, jua la mchana, na uso mweusi mzuri ambao kamera imeuzamisha. Uso unaokolewa, kanzu si mara zote. Kama pikseli za kanzu zimefika 255 kwenye rangi zote tatu, hakuna taarifa iliyobaki ndani yake. Ukiiweka leya juu yake yenyewe kwa Maltiplai, 255 mara 255 gawanya kwa 255 ni 255 ile ile. Nyeupe inabaki nyeupe. Dawa iko kwenye kamera: pima mwanga kwa kanzu, acha uso uwe giza kidogo, upige faili ghafi (RAW) na si JPEG.

Uso fanya hivi. Ongeza leya ya kurekebisha ile yenye mstari unaopindwa (Curves), usiupinde, badili tu namna ya kuchanganya iwe Skrini. Picha yote itapanda mwanga, sawa kabisa na kama ungenakili leya nzima na kuiweka Skrini, ila faili haliongezeki uzito. Geuza maski yake iwe nyeusi, mwanga urudi ulivyokuwa, kisha paka nyeupe polepole usoni, shingoni na mikononi. Mikono husahaulika, na mtu anatoka na uso wa saa mbili asubuhi na mikono ya magharibi.

Bibi harusi anasema, "Kaka, nifanye niwe mweupe kidogo." Nifanyeje?

Kazi yangu ni kupandisha mwanga, rangi ya mtu naiacha. Nyingi ya picha zinazoletwa na ombi hilo hazina tatizo la ngozi, zina tatizo la mwanga: uso umepigwa kivulini chini ya hema la bluu au la kijani na umechukua rangi ya hema. Ondoa rangi hiyo kwanza. Kisha pandisha mwanga kwa leya ya mstari, lakini ibadilishe iwe Luminositi, ili kinachopanda kiwe mwanga peke yake na wekundu wa ngozi usigeuke chungwa. Acha mng'ao wa paji la uso, wa pua na wa mashavu. Ngozi nyeusi ikinyimwa mng'ao inakuwa kama majivu. Mwoneshe kabla na baada kwa kuzima na kuwasha jicho la leya. Mara nyingi ombi linaishia hapo. Akishikilia, huo ni uamuzi wako na mteja wako.

Opasiti na Fili zinatofautianaje? Naona zote zinafifisha.

Opasiti inafifisha leya pamoja na efekti zake. Fili inafifisha pikseli za leya na kuziacha efekti zisimame. Andika jina la studio yako, lipe mstari mwembamba na kivuli, kisha shusha Fili hadi sifuri: herufi zinatoweka, mstari na kivuli vinabaki. Hiyo ndiyo alama ya kuzuia wizi wa picha iliyo nadhifu kuliko lile jina jeupe linalokatiza nyuso za watu.

Beveli na embosi je?

Mara chache sana. Herufi za dhahabu zilizovimba zilichosha macho zamani.

Nataka maandishi yakae ukutani kama yamepakwa rangi, si kama yameelea.

Ukuta wa matumbawe ni rafiki mzuri kwa kazi hii, maana una mashimo na chokaa iliyobanduka. Weka maandishi kwa Maltiplai kama rangi yake ni ya giza. Kisha bofya leya mara mbili, na chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa dirisha la efekti utaona vitelezi viwili, kimoja cha leya hii na kingine cha leya iliyo chini. Shika kile cha chini upande wa giza, ukisogeze kulia: maandishi yanaanza kupotea kwenye mashimo ya ukuta. Yanapotea kwa ukali, kama yamekatwa kwa mkasi. Bonyeza Alt huku ukivuta na kitelezi kitagawanyika vipande viwili. Nafasi kati yao ndiyo inayolainisha. Watu wengi wametumia programu miaka mingi bila kukifungua kisehemu hicho.

Efekti ya kivuli uizime. Rangi iliyopakwa ukutani haina kivuli. Na kama ukuta umepigwa kwa pembeni, yavute maandishi yafuate mistari yake kabla ya yote, maana hakuna namna ya kuchanganya inayosahihisha pembe.

Nakuomba jambo moja. Magofu ya Kaole, yenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, usiyaandikie jina la bidhaa hata kwa kompyuta. Yale ni makaburi ya watu.

Nakshi za mlango hazitoki vizuri. Niongeze ukali?

Kabla hujashika kitelezi cha ukali, jaribu njia ya leya. Nakili leya ya picha, iweke kichujio cha Haipasi kwa pikseli 1 hadi 3, kisha Ovalei. Haipasi inageuza kila mahali patulivu kuwa kijivu cha kati na kuacha kingo tu. Na kijivu cha kati, kama ilivyoelezwa juu, Ovalei haikioni. Kwa hiyo ni michongo pekee inayokazwa. Ukiona duara jeupe kuzunguka kila ua la nakshi, umezidisha pikseli.

Ila mlango uliopigwa mchana ukiwa kivulini kabisa hauna cha kukaza. Nakshi inaonekana kwa mwanga wa ubavuni, na hilo ni la kusubiri saa, si la leya.

Nina picha ya zamani ya familia, nyeusi na nyeupe. Naweza kuipaka rangi?

Ndiyo, na kazi ni ya subira kuliko ugumu. Fungua leya mpya kwa kila kitu, ngozi, kanga, mlango, anga, kila moja iwe kwenye namna ya Kala. Kala inachukua rangi kutoka juu na kuuacha mwanga wa picha ya chini, kwa hiyo kivuli na mikunjo ya nguo vinabaki vya asili. Ngozi isipakwe rangi moja. Mashavu na masikio yana wekundu, kando ya macho pana ukahawia ulioiva zaidi.

Rangi ya kanga ulizeni wazee. Picha nyeusi na nyeupe haiwezi kukwambia kama ilikuwa nyekundu au kijani, maana zote mbili zinaweza kutoa kijivu kile kile. Na kama ni picha ya historia, tuseme ya Boma la Mjerumani lililojengwa mwaka 1897, andika chini yake kwamba rangi imeongezwa baadaye, na hifadhi pia nakala isiyo na rangi. Picha hizo zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na baada ya muda mtu atabisha kwamba boma lilikuwa la waridi.

Kompyuta yangu inakwama nikiongeza leya. Kwa nini?

Piga hesabu. Picha ya kamera ya pikseli milioni 24 ina rangi tatu kwa kila pikseli, kwa hiyo leya moja kamili ni takriban megabaiti 72 kabla ya kubanwa, na mara mbili ya hapo ukifanya kazi kwa biti 16 kwa kila rangi badala ya 8. Leya kumi za namna hiyo kwenye kompyuta ndogo yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, na kivinjari kimefunguliwa pembeni, zinatosha kuilaza.

Efekti na leya za kurekebisha zenyewe hazina uzito wa kutaja, kwa kuwa ni maagizo tu. Kinachoelemea ni nakala za picha. Kila unapotaka kunakili leya nzima, jiulize kama leya ya kurekebisha yenye maski haiwezi kufanya kazi hiyo. Hifadhi mara kwa mara pia, umeme hauagi.

Nimepunguza ukubwa wa picha na efekti zimevurugika.

Efekti hupimwa kwa pikseli. Kivuli cha pikseli 20 kwenye picha yenye upana wa 6000 hakionekani. Kwenye picha ya 1000 ni doa. Unapopunguza ukubwa, hakikisha umechagua efekti zipungue pamoja na picha. Ukinakili efekti kutoka faili moja kwenda jingine lenye ukubwa tofauti, tumia amri ya kukuza au kupunguza efekti iliyoko kwenye menyu ya leya.

Bora zaidi, anza na ukubwa sahihi. Kadi ya A5 kwa pikseli 300 kwa inchi ni 1748 kwa 2480, na A4 ni 2480 kwa 3508. Bango la mita 3 kwa 1 linalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara linatosheka na pikseli 100 kwa inchi.

Kwenye skrini mng'ao ulikuwa mzuri. Duka la chapa limetoa kitu kilichofifia. Nani mkosa?

Pengine hakuna. Skrini inatoa mwanga, karatasi inaakisi wino, na ile bluu inayong'aa kama taa haimo kwenye wino wa rangi nne. Mng'ao wa nje unaotegemea Skrini ndio unaoumia zaidi.

Kuna kosa moja linaloepukika. Ukibadilisha faili lenye leya kwenda mfumo wa rangi nne za wino (CMYK), programu inakokotoa upya Maltiplai na Skrini zote kwa hesabu tofauti, na picha inageuka. Tengeneza nakala, unganisha leya zake zote ziwe moja, ndipo ubadilishe mfumo wa rangi. Uliza duka linataka faili gani kabla hujaanza. Mengi yanapokea PDF, mengine yanataka JPEG ya kawaida na kufanya mabadiliko yenyewe. Chapa kipande kidogo cha majaribio kabla ya kadi mia tatu.

Kazi ikiisha nihifadhi vipi, na nimpe mteja faili lenye leya?

Hifadhi mara mbili. Faili la kazi liwe PSD, au XCF kwa GIMP, pamoja na leya zote. PSD ina mipaka ya gigabaiti 2 na pikseli 30,000 kila upande, ambayo kwa harusi huifikii. Kisha toa JPEG ya kupeleka. JPEG haibebi leya. Ukiifungua kesho, kivuli na uso vimeshakuwa kitu kimoja. WhatsApp nayo inaibana tena, na vivuli laini ndivyo vinavyoanza kuonesha mistari, kwa hiyo kama mteja yuko mbali, mtumie kama dokumenti na si kama picha.

Faili lenye leya simpi mtu ila tuwe tumekubaliana tangu mwanzo na bei ikahesabiwa. Atakayelifungua anaweza kubadilisha jina la bwana harusi, na nimeshaombwa nifanye hivyo.